Kabla ya Kushika Koleo

Injini ya tu-stroki ya ndege ndogo ya rimoti inaenea kiganjani. Ina pistoni moja, konrodi moja, kranki, kabureta yenye sindano ya kupimia mafuta, na plagi moja juu ya hedi. Haina valvu, haina pampu ya oili, haina koili. Kwa vitu vichache hivyo mtu angedhani kujua kwa nini imegoma ni kazi ndogo. Nimefundisha umekanika Mombasa karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijaona chombo kinachompima fundi kwa ukali kuliko hiki. Injini ya lori humvumilia mtu wa kubahatisha, maana vyuma vyake ni vinene. Hii haimvumilii. Konrodi yake ina unene wa kalamu. Ukiilazimisha inapinda, na ikishapinda mazungumzo yamekwisha.

Aliyenifunza kuielewa ni Ami, mdogo wake baba. Alikuwa fundi wa injini za meli Kilindini tangu ujana wake, amezoea silinda ambazo mtu mzima huingia ndani kuzisafisha. Lakini nyumbani, ndani ya bati la biskuti, aliweka injini ya Kiingereza iitwayo ED Bee, ya sentimita moja ya ujazo, aina iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948. Mhandisi mmoja wa meli ndiye aliyemwachia. Injini hiyo haina plagi kabisa. Ni dizeli ndogo: hubana hewa mpaka mafuta yakawaka yenyewe, na mafuta yake ni mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo. Ami aliiwasha siku za sikukuu, uani, na harufu ya etha ikaenea kichochoro kizima. Sisi watoto tulingojea kelele na upepo wa propela. Yeye alitutaka kwanza tumtazame anavyoizungusha kwa kidole kabla ya kuiwasha, taratibu, duru nzima, halafu duru nyingine. Alikuwa akitafuta kitu katika duru ile, na ilinichukua miaka kujua ni kitu gani.

Ami alikuwa ameshastaafu siku mwanafunzi wangu mmoja aliponiletea injini ya Kijapani ya sentimita 7.5 za ujazo. Mjomba wake wa Nairobi alikuwa amehamia ndege za betri, kama walivyohama wengi, akampa hiyo ikiwa ndani ya boksi, haijaguswa kwa miaka. Haikuzunguka hata kidogo. Kijana alikuwa ameshaibana kwenye jiliwa na kuikamata kranki kwa koleo, na nyuzi za mbele zinazoshika nati ya propela zilikuwa zimelala upande mmoja. "Mwalimu, hii imenoki," akasema. Nikamwambia tumpelekee Ami.

Tulimkuta barazani. Kijana akamwamkia, akamkabidhi boksi kwa mikono miwili. Ami akaliweka kando, wala hakulifungua. Akaanza kuuliza. Mara ya mwisho ilizunguka lini, na ilizimwaje? Ilikuwa ikinywa mafuta gani? Iliwahi kuanguka? Ilikaa Nairobi muda gani, na hapa pwani muda gani? Kijana akajibu alichojua: haikuwahi kuanguka, ilizimwa ikiwa nzima, ililala Nairobi kabatini, kisha ikaletwa Mombasa wakati wa masika na kubaki kwenye boksi lile lile. Kwa majibu hayo Ami alikwisha kupunguza mashaka zaidi ya nusu. Injini iliyozimwa salama haikuunguzwa na joto. Isiyoanguka haina mchanga ndani wala kranki iliyopinda. Yakabaki mawili, mafuta yaliyoganda na kutu, na yote mawili yanamtaka fundi mwenye subira.

Ndipo akafungua plagi, akaigeuza kwenye mwanga. Plagi ya injini hizi haitoi cheche. Ndani yake mna waya mwembamba wa platinamu uliosokotwa. Unaupa umeme wa volti 1.5 wakati wa kuwasha, unakuwa mwekundu, na injini ikishashika moto unaondoa umeme. Kuanzia hapo joto la mwako, pamoja na mvuke wa methanoli unaogusana na platinamu, huufanya waya uendelee kuwaka wenyewe. Ray Arden, Mmarekani, ndiye aliyeifanya plagi hii ienee mwishoni mwa miaka ya 1940, na wengi waliokuwa wakirusha ndege zenye betri na koili nzito wakaviacha vyote chini. Fundi anayejua kuisoma plagi hii amesoma nusu ya historia ya injini. Waya unaong'aa na uliokaa sawa unasema injini ilikuwa ikila vizuri. Waya uliofifia, rangi ya kijivu, umepindapinda, unasema ilikuwa ikinyimwa mafuta. Na ukiona vichembe vya alumini vimenata kwenye plagi, jua pistoni imeanza kujila. Waya wa injini ya kijana ulikuwa unang'aa.

Kisha akanusa tundu la plagi, akatabasamu. "Mbarika hii," akasema. Kingo za tundu la moshi zilikuwa na utando wa kahawia, mgumu kama vanishi.

Mafuta ya mbarika yana historia ndefu na ndege. Katika Vita Kuu ya Kwanza, injini za rotari kama Gnome na Le Rhône ziliyatumia kwa kuwa hayayeyuki kirahisi ndani ya petroli. Ndege za mfano zimeyapenda kwa sababu yanayeyuka vizuri ndani ya methanoli. Mchanganyiko mmoja unaotumika kwenye mashindano ni methanoli asilimia 80 na mbarika asilimia 20, bila kingine. Tena injini ikipata joto kupita kiasi, mafuta haya hung'ang'ania chuma pale ambapo mafuta mengi ya viwandani yameshaungua na kutoweka. Ubaya wake ni huo huo ung'ang'anizi. Yakiachwa ndani, methanoli ikaruka, yanabaki peke yake na kuwa gundi kati ya pistoni na slivu. Injini ya namna hii ni nzima. Imegandishwa na kile kile kilichokuwa kikiilinda.

Gundi hiyo dawa yake ni joto. Ami alimtuma kijana saluni ya jirani akaazime draya. Akatoa kabureta kwanza, kwa kuwa mna oringi za mpira, akadondosha mafuta mepesi ya kulegeza kutu kwenye tundu la plagi na la moshi, akaielekeza draya kwenye bodi. Hakuwa na haraka. Chuma kilipokuwa cha moto kiasi cha kutoshikika bila kitambaa, akafunga propela ya mbao na kuisukuma kwa vidole viwili, mbele, nyuma, mbele. Mara ya kwanza haikutoka. Akapasha tena, akaongeza matone, akatuacha tunywe kahawa. Aliporudi kuisukuma, ncha ya propela ilisogea upana wa ukucha. Kijana alisimama. Ami akaendelea vile vile, mbele na nyuma, mpaka upana wa ukucha ukawa robo ya duru, na robo ikawa duru nzima.

Nataka msomaji alione hili vizuri, maana hapa ndipo injini nyingi zinapouawa. Zana iliyokuwa karibu zaidi na mkono wa kila mmoja wetu ilikuwa bisibisi. Ukiitia kwenye tundu la moshi unaweza kuisukuma pistoni, nayo itasogea. Lakini itakuwa na jeraha ubavuni, na slivu itakuwa na mkwaruzo, na injini isiyo na ringi hutegemea ulaini wa kuta hizo mbili tu ili kubana hewa. Ubanaji ukishapotea haurudi mpaka ununue pistoni na slivu kwa pamoja, na gharama yake mara nyingi hukaribia bei ya injini nzima iliyotumika.

Kijana alitaka kuiwasha pale pale. Ami alimkatalia. "Njoo, mwanangu, tia mkono wako hapa. Zungusha polepole. Usitazame." Kijana akafumba macho, akazungusha. Nami nikafanya hivyo baada yake. Pistoni ilikuwa ikiteleza juu na chini bila shida, lakini chini ya mtelezo huo palikuwa na kitu kingine, mchakacho mwembamba kama wa changarawe, unaokuja na kuondoka kila duru. Gundi ilikuwa imeuficha. Lau ingelegea mapema, kwa nguvu na kelele, tusingeusikia.

Ilikuwa kutu kwenye beringi ya nyuma. Methanoli huvuta unyevu kutoka hewani, na mafuta yenye nitromethani yakiungua huacha mabaki yenye asidi. Injini ikizimwa, mabaki hayo hutuama kwenye chumba cha kranki, ambako beringi ya nyuma imekaa wazi. Ongeza masika ya Mombasa na hewa ya chumvi, na chuma cha beringi hakina pa kukimbilia. Dalili yake huonekana mapema kwa anayetazama: mafuta yanayotoka kwenye salensa hugeuka rangi ya kutu badala ya rangi ya asali. Lau tungeiwasha, ingewaka, na ingeweza hata kuruka. Siku yoyote baada ya hapo kizuizi cha gololi kingevunjika, vipande vikapanda na mafuta kwenye njia za silinda, na injini ingekufa kweli, angani, huku mwenyewe akiapa kwamba jana tu ilikuwa nzima.

Kwa hiyo tukaifungua yote. Kifuniko cha nyuma kwanza, kisha hedi, na kila kipande Ami alikiwekea alama kilivyotazama, kwa kuwa pistoni na konrodi vilivyozoea kukaa upande mmoja havipendi kugeuzwa. Slivu ilitoka kwa joto la draya. Beringi zilihitaji moto zaidi: tuliiweka bodi tupu kwenye oveni mpaka tone la maji likaruka juu yake, Ami akaishika kwa kitambaa kizito na kuigonga mara moja juu ya ubao. Beringi ya nyuma ikaanguka yenyewe. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha beringi, hivyo bodi ilipopata joto iliiachia. Hakuna nyundo iliyogusa chochote. Nimewaonyesha wanafunzi wengi jambo hili tangu siku hiyo, na kila mara wanaomba lirudiwe.

Kijana alikuwa na hofu kwamba spea zitabidi kuagizwa Japani. Ami akampa kalipa. Beringi ya nyuma: tundu milimita 15, kipenyo cha nje 28, upana 7. Hiyo ni namba 6902. Ya mbele: 7, 19 na 6, namba 607. Muuza beringi wa karibu na Mwembe Tayari hakuwa ameona injini ya ndege ya mfano maishani mwake, lakini namba hizo alizijua, akazitoa kwenye rafu. Inaniuma kila nikikumbuka ni vyombo vingapi vimetupwa kwetu kwa neno "spea hazipatikani", ilhali hakuna aliyechukua kipimo. Utando wa kahawia tuliutoa kwa kulanti ya gari, ile ya kijani, kwenye sufuria kuukuu iliyowekwa juu ya moto mdogo hadi jioni. Sufuria hiyo haikurudi jikoni, na haipaswi kurudi, kwa sababu kulanti ni sumu.

Si kila injini inaponyeka. Baadaye niliona nyingine ya ukubwa huo huo, nayo ya kutoka Nairobi, ambayo mwenyewe aliileta likizo akairusha ufukweni siku ya kwanza bila kugusa sindano. Nairobi iko juu ya bahari karibu mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Sindano iliyowekwa kwa hewa ile imefungwa zaidi, kwa kuwa hewa kidogo inahitaji mafuta kidogo. Ilete usawa wa bahari, hewa nzito ikaingia, mafuta yakabaki yale yale, na injini inaungua huku ikilia kwa sauti tamu ya kasi. Sauti hiyo imewadanganya wengi. Tulipoifungua, alumini ya pistoni ilikuwa imepakwa kwenye slivu kwa michirizi mirefu, na plagi imejaa vichembe. Ami aliitazama kidogo tu, akairudisha bodi kwenye boksi. "Toa kabureta na kranki, uziweke. Hizo zitamfaa mwingine." Fundi anayejua kusema imekufa, na akajua ni kipande gani bado kiko hai, namheshimu sawa na yule aliyeifufua.

Na zipo zinazoletwa kama wagonjwa nazo ni nzima. Injini nyingi za sasa zina pistoni ya alumini ndani ya slivu ya shaba ya manjano iliyopakwa kromi au nikeli, na slivu hiyo imebanwa kidogo sehemu ya juu. Ikiwa baridi, pistoni inafika juu na kukwama, unasikia mlio mfupi wa kubana. Ikipata moto, slivu hutanuka na nafasi inakuwa sawa. Nimemzuia zaidi ya mtu mmoja asiisugue slivu mpya kwa msasa ili "kuilegeza". Ipashe joto kwa draya kabla ya kuwasha, inatosha. Nyingine husimama ghafla, kama imegonga ukuta, baada ya kunyonya mafuta mengi: silinda imejaa kimiminika, na kimiminika hakibanwi. Mwenye stata ya umeme akibonyeza hapo, konrodi imekwenda. Toa plagi, ipindue injini, mwaga, zungusha kwa kidole.

Injini ya kijana tuliiwasha kwenye kiwanja cha wazi upande wa Mtwapa, imefungwa kwenye benchi la mbao. Tulianza na sindano ikiwa wazi, moshi mwingi, sauti ya kukohoa. Ami akaubana mrija wa mafuta kwa sekunde moja: kasi ikapanda kabla ya kutaka kuzima, ishara kwamba mafuta yalikuwa ya ziada. Akaifunga sindano kidogo kidogo, akasimama kabla ya kilele cha kasi, akatuambia tuiache hapo hapo hata kama sikio linatamani zaidi. Aliposhika mrija mara ya mwisho, kisha akaunyanyua, alitoa mkono kwa kupitia nyuma ya propela, sio mbele. Miaka yote hiyo kwenye meli na vidole vyake kumi vilikuwa kamili.

Jambo moja silisemi kwa upole. Methanoli haina rangi, harufu yake yafanana na pombe, na kiasi kidogo tu hupofusha au huua. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa Kenya kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Moto wake mchana hauonekani kwa macho. Ukiwa nayo nyumbani, iweke kwenye mtungi wenye maandishi makubwa, uifungie mbali na watoto na mbali na chupa yoyote ya kinywaji, na usimmiminie mtu mwingine kwenye chupa ya soda hata akikubembeleza.

Ami ametangulia mbele ya haki, na ED Bee yake iko chuoni, kwenye benchi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walimu wenzangu wa vyuo vya ufundi, nawaombeni: watafuteni waliohamia ndege za betri, muwaombe injini walizozifungia makabatini. Wengi watawapa bure. Mpeni kila mwanafunzi moja iliyokwama, na mzifiche koleo mpaka aandike kwa mkono wake, kwenye daftari, anadhani ni kitu gani kinachoizuia na amejuaje.